Taa ya injini imewaka kwa sababu ya mvuke wa petroli: ucheki mwenyewe, ukisie spea, uende kwenye kipimo cha moshi au uende dila?

Gari inatembea freshi, haijapungua nguvu, haili mafuta kupita kawaida, ila taa ya injini imewaka na ukisoma kwa mashine unaambiwa namba ya kosa ya mvuke kuvuja, P0455 au P0442 au ile mbaya kuliko zote P0456. Kwa sisi tunaoishi Marekani hiyo siyo taa ya kuizoea tu, maana ukiwa Dallas, Phoenix au Los Angeles gari haipiti ukaguzi wa moshi taa ikiwa inawaka, na bila ukaguzi usajili unakwama. Ukiuliza watu, mmoja anakwambia nunua kifuniko kipya cha tenki, mwingine badilisha paji valvu, usipoteze muda, wa tatu anasema peleka dila (kwa wakala wa kampuni ya gari) uache ubahili. Wote wanaweza kuwa sahihi, inategemea gari yako inasema nini, unaishi jimbo gani na mfukoni una ngapi.

Kwanza tuelewane mfumo wenyewe unafanyaje, nitapita haraka. Petroli inatoa mvuke muda wote hata gari ikiwa imezimwa. Zamani ule mvuke ulikuwa unatoka nje tu, siku hizi unapelekwa kwenye kanista, boksi la plastiki lenye mkaa ndani, mkaa unaushika. Injini ikishapata moto paji valvu inafunguka, injini inaunyonya ule mvuke kutoka kwenye kanista na kuuchoma kama mafuta mengine. Upande wa pili wa kanista kuna venti valvu inayoingiza hewa safi. Shika hili maana litakusaidia mbele: paji kwa kawaida imefungwa, venti kwa kawaida iko wazi. Kompyuta ikitaka kupima inazifunga zote mbili halafu inaangalia sensa ya presha kwenye tenki, kama presha haikai basi kuna sehemu inavuja. Gari zilizouzwa Marekani kuanzia 1996 zilianza kutakiwa kugundua tundu la milimita 1, na kuanzia miaka ya 2000 zikaanza kugundua hata la nusu milimita. Nusu milimita bwana, popote kati ya mdomo wa tenki nyuma na injini mbele. (Gari nyingi za Japani tulizozoea nyumbani zina kanista na paji vilevile ila kompyuta zake hazipimi uvujaji kwa ukali huu, ndio maana fundi wa Dar unaweza kumtajia P0456 akakushangaa, siyo kwamba hajui kazi.)

Kwa hiyo kinachokula hela hapa mara nyingi siyo spea, ni kutojua tundu liko wapi. Njia zote nne (kucheki mwenyewe, kukisia spea, kipimo cha moshi yaani fundi anapuliza moshi kwenye mfumo kutafuta tundu, siyo ule ukaguzi wa jimbo, na dila) nitazipima kwa hilo: inakugharimu ngapi ukijumlisha na hela ya kurudia ukikosea, inachukua muda gani, ina uwezo gani wa kupatia kosa lenyewe, inataka ujuzi na vifaa gani, na hatari yake. Bei ni za makadirio, kila mji una yake.

Na kabla hujachagua njia yoyote, jua namba yako. P0457 maana yake kifuniko kimelegea au hakipo. P0455 uvujaji mkubwa, P0442 mdogo, P0456 mdogo sana. P0441 mvuke haupiti inavyotakiwa, P0496 mvuke unapita wakati hautakiwi kupita, hapo paji ndiyo mshukiwa wa kwanza. P0446 ni mambo ya venti au umeme wake. Maduka makubwa ya spea sehemu nyingi wanakusomea bure kabisa, kwa hiyo hakuna sababu ya kubahatisha kwenye hili.

Kucheki mwenyewe

Hela: skana ndogo ya bluetooth inayoongea na simu ni dola 15 mpaka 35, kifuniko kipya dola 10 mpaka 25. Muda ni jioni moja ila majibu yanachelewa, nitaeleza.

Anza na kifuniko. Usikiangalie juu juu, kigeuze, pitisha ukucha kwenye ule mpira wa duara kuzunguka wote, ukikuta nyufa nyembamba au sehemu imekuwa ngumu na bapa basi hapo umeshapata mshukiwa. Halafu angalia na mdomo wa tenki pale mpira unapokaa, kukiwa na kutu hata kifuniko kipya hakitaziba. Funga mpaka kilie kliki. Watu wengi wanafunga, wanaona taa bado inawaka kesho yake, wanasema haikuwa kifuniko, wakati kompyuta inahitaji kurudia kipimo na kufaulu mara kadhaa ndipo izime taa yenyewe, na kipimo hicho hakifanyiki ovyo: gari nyingi zinataka tenki liwe kati ya robo na robo tatu, injini iwe imelala usiku mzima ikapoa, na nje kusiwe na baridi kali wala joto kali. Toyota nyingi ndio kabisa, zinapima gari ikiwa imezimwa, kama masaa matano baada ya kuzima. Kwa hiyo subira.

Cha pili paji, mara nyingi iko mbele chini ya boneti, ina mipira miwili na plagi ya umeme. Injini ikiwa silensa, yaani inawaka bila kukanyaga mafuta, chomoa plagi ya umeme, kisha chomoa mpira unaotoka nyuma kwenye kanista na uweke kidole pale kwenye valvu. Bila umeme inatakiwa iwe imefungwa, kwa hiyo kidole kikivutwa ujue valvu haifungi. Hicho ni kipimo cha dakika tano na hakina gharama. Venti iko nyuma chini karibu na kanista, inakula vumbi, tope na wadudu, yenyewe ukiipa volti 12 inatakiwa ilie kliki na ifunge. Nikisema wadudu sitanii, mwaka 2011 Mazda waliita zirudishwe zaidi ya Mazda6 50,000 Marekani kwa sababu kuna aina ya buibui alikuwa anapenda kujenga ndani ya mpira wa huo mfumo, na 2014 wakaita tena nyingine.

Uwezo wa kupatia: mzuri kwa P0457, P0455 na P0496, hafifu kwa P0456 maana tundu la nusu milimita hulioni kwa macho, labda mpira uwe umechanika waziwazi. Hatari ni ndogo ukizingatia mawili, usivute sigara wala kuwasha moto karibu, na usiingie chini ya gari inayoshikiliwa na jeki peke yake.

Inamfaa mwenye muda, mwenye gari ya miaka mingi isiyo na waranti, na ambaye ukaguzi wake hauko wiki ijayo.

Kukisia spea

Hii mafundi wanaitukana sana lakini mi naona ina haki yake ikitumika mahali pake. Kuna dalili zinazosema zenyewe. Gari inasumbua kuwaka baada tu ya kujaza mafuta, unakanyaga kidogo ndiyo inashika, silensa inatetemeka dakika moja halafu inatulia, siku nyingine zote inawaka vizuri: hiyo mara nyingi sana ni paji iliyobaki wazi, mvuke mwingi unaingia kwenye injini wakati haujaitwa. Ford nyingi zina historia ya hilo. Paji ni dola 25 mpaka 80, bolti moja au mbili, robo saa umemaliza, sasa hapo kulipa dola 130 ya kupimiwa ili uambiwe ni paji ni kupoteza.

Dalili nyingine ni pampu kukata kata unapojaza mafuta, unaweka lita mbili inakata, unaweka tena inakata. Hapo hewa ya tenki haipati pa kutokea, ni venti au mpira wake au kanista imeziba. Na kanista inazibwa na sisi wenyewe, ile tabia ya kuendelea kubonyeza baada ya pampu kukata ili hesabu ifike dola kamili, petroli ya maji inaingia kwenye mkaa na mkaa ukishalowa ndio umekwisha. Ila kuwa makini, venti inaanzia dola 30 mpaka 100 wakati kanista ni 150 mpaka 600 kutegemea gari, kwa hiyo kukisia kanista siyo sawa na kukisia paji.

Inapogeuka kamari ni pale una P0442 au P0456 tupu bila dalili yoyote. Piga hesabu: kifuniko 15, paji 50, venti 60, tayari 125, hela ya kipimo cha moshi imeshakwenda na tundu labda liko kwenye oringi (kimpira cha duara cha kuziba) iliyo juu ya pampu ya mafuta chini ya siti ya nyuma, hujaigusa. Kingine ni ubora, vifuniko na valvu za bei chee zisizo na jina mara nyingine hazibani vizuri zikiwa mpya, unabadilisha spea nzima unaweka mbovu halafu unaanza kutilia shaka vitu vingine. Kwa kifuniko na paji mi ningeongeza dola kumi ninunue ya kampuni iliyotengeneza gari.

Ujuzi unaotakiwa ni mdogo kwa paji, wa kati kwa venti maana bolti za chini zina kutu, na kanista kwenye gari nyingine mpaka ushushe tenki, hapo achana nayo kama huna vifaa.

Inamfaa mwenye dalili ya wazi na spea ya bei ndogo inayofikika. Basi.

Kipimo cha moshi kwa fundi wa mtaani

Mashine inatengeneza moshi kwa kuchemsha mafuta maalumu, unasukumwa kwenye mfumo kwa presha ndogo sana, chini ya psi 1, fundi anazunguka na tochi kuangalia unatokea wapi. Gari nyingi hasa za mwishoni mwa miaka ya 90 na za 2000 zina mdomo wa kuingizia kabisa, utauona chini ya boneti una kifuniko cha kijani, na ile nati ndogo ya ndani inafunguka kwa kuzungusha kulia badala ya kushoto, wengi wanaivunja wakidhani imeshika kutu. Zisizo na huo mdomo wanaingizia kwenye mpira au kwenye mdomo wa tenki kwa adapta.

Gharama dola 80 mpaka 180, muda nusu saa hadi saa zima. Kwa uvujaji wa kweli hakuna njia inayopatia kama hii. Unaona kwa macho yako kamoshi kembamba kanapanda kutoka nyuma ya plastiki ya tairi, wanafungua ile plastiki, shina la kujazia mafuta (bomba la kutoka mdomoni mpaka kwenye tenki) limeliwa na kutu pale linapopita karibu na tairi. Hiyo ni kawaida sana kwa majimbo yanayomwaga chumvi barabarani kama Ohio, Michigan au Maine, na ndio maana mtu wa Columbus akiwa na P0455 au P0442 kwenye gari ya miaka kumi na tano mi ningemwambia aangalie shina kabla ya valvu.

Lakini siyo wote wanaoipiga sawa. Kabla hujalipa uliza vitu hivi: mashine yao ni ya presha ndogo ya mfumo wa mvuke au ni kompresa ya karakana (kompresa inaweza kupasua kanista au tenki, ukisikia hivyo ondoka)? Venti wataifunga kwa skana au kwa kubana mpira? Maana venti ikiachwa wazi moshi utatokea hapo na mtu asiye makini atakuuzia venti mpya wakati ile ni nzima. Hela ya kupima inakatwa ukitengenezea kwao? Na waombe wakupigie video moshi unapotokea. Ukiwa na hiyo video unaweza kwenda nyumbani ukanunua mpira wa dola 12 ukabadilisha mwenyewe, na fundi mwenye heshima yake hatanuna.

Udhaifu upo. Moshi hauoni kosa la umeme, P0446 ya waya uliokatika utapuliza mpaka kesho. Hauoni valvu inayoshika leo na kuachia kesho. Na kwenye Toyota zenye pampu ya kupimia ndani ya kanista, moshi hautakwambia kwamba pampu yenyewe imekufa.

Kuna wanaouliza kuhusu kununua mashine yao. Ndogo zipo kuanzia dola 80 mpaka 150, kama nyinyi ni ndugu watatu wanne mna gari sita kati yenu inaeleweka, ila soma imeandikwa inafaa kwa mfumo wa mvuke, siyo kila mashine ya moshi inayo kidhibiti cha presha ndogo. Zile za kujitengenezea kwa kopo la rangi na waya wa kuchemsha, unapuliza hewa yenye kifaa cha moto kuelekea kwenye tenki la petroli, hizo hapana.

Inamfaa mwenye P0442 au P0456 bila dalili, mwenye ukaguzi unaokaribia, na yule ambaye ameshabadilisha kifuniko kikadunda.

Dila

Hapa bei ya kupima peke yake inaweza kuwa dola 150 mpaka 250, na spea zao ni za bei ya juu. Unachopata ni skana kamili ya kampuni inayoweza kuamuru venti na paji zifunge na kufunguka na kuendesha kipimo chote hapohapo bila kusubiri asubuhi tatu, pia wanajua taarifa za kampuni kwa mafundi, kwamba kuna gari dawa yake ni kubadilisha programu ya kompyuta tu na hakuna tundu lolote.

Cha maana zaidi ni waranti. Kwa sheria ya serikali kuu vifaa vya kudhibiti moshi vina waranti ya miaka 2 au maili 24,000, na kompyuta ya injini miaka 8 au maili 80,000. California ni miaka 3 au maili 50,000, na gari zilizosajiliwa kwa kiwango cha PZEV (zile za kutoa moshi na mvuke kidogo sana) huko na kwenye majimbo yanayofuata sheria zake zilipewa miaka 15 au maili 150,000, kwa hiyo fungua boneti usome ile stika kabla hujalipia kanista ya dola 500 ambayo ungepewa bure. Na ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali kuu ya usalama wa barabarani, uone kama gari imeitwa kurudishwa kiwandani, ni dakika moja na haina malipo.

Inamfaa mwenye gari mpya au ya waranti, mwenye gari inayopima ikiwa imezimwa, na yule ambaye fundi wa kwanza na wa pili wameshindwa. Kwa gari ya miaka kumi na nane yenye thamani ya dola 2,500, dila ni ngumu kuitetea.

Suala la ukaguzi na kufuta taa

Wengi wanafuta namba kwa skana asubuhi wanakwenda ukaguzi mchana. Haifanyi kazi, ukifuta unafuta na kumbukumbu za vipimo vyote, mashine ya ukaguzi inaona havijakamilika na unarudishwa. Ila kuna nafasi halali ambayo wengi hawaijui: California kwa gari za petroli za 2000 na kuendelea wanakubali kipimo cha mvuke peke yake kiwe hakijakamilika, mradi vingine vyote viwe tayari na taa isiwe inawaka. Maana yake ukishatengeneza kweli huna haja ya kusubiri wiki nzima kipimo cha mvuke kikamilike, endesha mpaka vingine vikamilike uende. Ukishindwa ukaguzi California na kipato chako ni kidogo ulizia msaada wa jimbo wa matengenezo, upo na watu wetu wengi hawauombi.

Minnesota waliacha kupima moshi tangu 1999 na Iowa hawapimi, kwa hiyo huko kuna njia ya tano, kuiacha. Tundu dogo la mvuke halitaua injini. Kinachosumbua ni kwamba taa ikiwa inawaka muda wote hutajua siku imewakia jambo jingine, mfano misi (silinda haichomi mafuta vizuri) inayoweza kuharibu katalisti, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, kwa hiyo ukiiacha uwe na skana uwe unaisoma kila baada ya muda. Na kama unasikia harufu ya petroli ndani ya gari au chini, hapo hakuna kuiacha, jimbo lolote.

Sasa wewe uko wapi kati ya hizi

Namba ni P0457 au P0455 na umetoka kujaza mafuta juzi: kifuniko, subiri siku kadhaa, usilipe mtu.

Gari inagoma kuwaka baada ya kujaza: fanya kile kipimo cha kidole, kikivutwa nunua paji uifunge mwenyewe.

P0442 au P0456, hakuna dalili, ukaguzi mwezi ujao: nenda moja kwa moja kwenye moshi, omba video, halafu amua nani atengeneze ukishajua ni mpira au ni kanista.

Gari imekaa kwenye chumvi miaka mingi: ingia chini na tochi uangalie shina la kujazia na mipira ya nyuma kabla ya yote, ukiona kutu inayomeguka kwa kidole umeokoa hela ya moshi.

P0446 na umeshabadilisha venti ila namba imerudi: hiyo inaelekea ni waya au plagi, tafuta fundi umeme mwenye mita na mchoro wa waya, moshi hautakusaidia.

Gari ya mwaka juzi au yenye stika ya PZEV: dila kwanza, na waulize waranti kabla hawajaandika karatasi ya kazi.

Njia yoyote utakayopita, ukishatengeneza jaza tenki nusu, iache gari ilale usiku, endesha kama kawaida, halafu fungua skana uangalie pale panapoonyesha vipimo, mvuke ukiwa umesoma tayari na hakuna namba inayosubiri basi imepona. Taa kuzimika peke yake haitoshi kama umeizima wewe.